Aliyekosea Yote Manane

Jumuiya ya Mtakatifu Anna, ile ya Waswahili wa St. James Town, Toronto, ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na nabii. Watatu wa kwanza walipigiwa kura kila baada ya miaka miwili. Wa nne hakuchaguliwa na mtu. Alijitokeza tu Agosti ya mwaka 2006, sebuleni kwa Mwalimu Sebastian, alipotabiri mapambano yote saba ya lile tamasha kubwa la mieleka, na yote saba yakaisha vile vile alivyoandika. Mwaka uliofuata akapata yote manane. Mwaka wa tatu akapata tena, na humo mlikuwa na pambano ambalo hata watangazaji walishika vichwa. Tangu hapo jina lake la ubatizo likaanza kusahaulika. Ukiuliza Thobias yuko wapi, watu wanakuuliza Thobias yupi, Nabii?

Huyo nabii mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida kupita kiasi. Miaka thelathini na minane, mfupi, hajaoa na hapendi kuulizwa sababu. Saa tisa za usiku anaamka, anapanda mabasi mpaka Malton, anaingia kwenye ghala la mizigo ya ndege na kuendesha foklifti mpaka mchana. Anarudi, anakula, analala. Kazini hakuna aliyemjua kwa lolote, isipokuwa kwamba hajawahi kuangusha kreti. Ndiyo maana usimlaumu sana kwamba Jumapili, alipoingia sebuleni kwa watu na kusikia "Nabii huyo, mpisheni akae," alikaa.

Kipaji chake kilikuwa na historia, na historia yenyewe ilianzia Kashai, Bukoba, kwenye banda la video la bwana mmoja aitwaye Winfred. Miaka ya tisini Thobias ndiye aliyekuwa msemaji wa banda. Kanda za mieleka zilikuja kwa Kiingereza, naye alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akiwatafsiria watu kwa Kiswahili na kuchanganya na Kihaya pale mambo yalipokuwa moto. Wanamieleka aliwapa majina mwenyewe: Katapila, Bwana Harusi, Kifaru, Mzee wa Kamba. Kanda moja aliisemea hata mara thelathini. Ukitazama kitu mara thelathini, unaanza kuona mishono yake.

Siku moja kanda ilikwama, akawa anaivuta polepole kuikagua. Akamwona Katapila, amemlalia Bwana Harusi kifuani, anamnong'oneza sikioni. Bwana Harusi akatikisa kichwa, ndiyo, halafu ndipo akazimia. Thobias akairudisha, akaitazama tena. Winfred alikuwa nyuma yake.

"Umeona," Winfred alisema. "Sasa nyamaza. Watu hawa wana banda hili tu. Ukiwaambia, Jumamosi watakwenda wapi?"

Akanyamaza. Badala yake akaanza kujifunza mishono. Anayepigwa wiki zote kabla ya tamasha, kwenye tamasha anashinda. Anayetamba sana na kipaza sauti, anaanguka. Anayepigana mjini kwao mbele ya mama yake aliyeketi mstari wa mbele, maskini, anashindwa. Anayetaka kuondoka akacheze filamu, hapewi ruhusa mpaka apigwe kwanza. Kanuni kumi na mbili, si zaidi, na hakuna ndoto hata moja ndani yake.

Huku Toronto jumuiya ilikuwa na desturi yake. Jumapili ya tamasha, ikiwa bado ni mchana kweupe, watu walifika kwa Mwalimu Sebastian, ghorofa ya nane, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na televisheni kubwa na king'amuzi. Rozari ilisaliwa kwanza, kwa mwendo wa watu wanaowahi basi. Kisha kila mtu aliandika utabiri wake kwenye karatasi, karatasi zikatumbukizwa kwenye sufuria kubwa ya Mama Abigael, mke wa Mwalimu, mfuniko ukawekwa juu. Tamasha likiisha, sufuria inafunuliwa. Aliyekosea mengi kuliko wote anaosha vyombo vya watu wote, awe mwenyekiti, awe nani. Gift, binti yao aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa akipita na kusema kwa Kiingereza kwamba jamani, hawa watu wanaigiza. Hakuna aliyemjibu. Mtoto wa Kanada atajua nini kuhusu kupigwa.

Mwalimu Sebastian alikuwa amefundisha hesabu Karagwe na Muleba kwa miaka thelathini na moja kabla ya kumfuata kaka yake huku. Mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Mieleka aliipenda kwa dhati ya moyo, na kwake Thobias hakuwa mzaha. Alikuwa akiziweka zile karatasi za kila mwaka kwenye faili.

Juni ya mwaka 2009, baada ya sala, Mwalimu akamvuta Thobias mpaka kibarazani, akafunga mlango wa kioo nyuma yao.

"Natoka damu, Thobi. Tangu Machi. Wamenipiga picha, wameona uvimbe kwenye utumbo. Wanataka kunipasua tarehe kumi na nne Julai. Daktari anasema tukiwahi, nafasi ni nzuri sana."

"Mungu ni mwema, Mwalimu. Basi uwahi."

"Mdogo wangu Deo aliingia chumba cha upasuaji Mwanza akiwa anacheka. Mimi ndiye niliyekabidhiwa nguo zake." Mwalimu alikuwa akitazama chini, kwenye maegesho ya magari. "Nataka uniambie wewe. Nitashinda au nitashindwa?"

Hapo ndipo Thobias alipotakiwa kusema, Mwalimu, mimi ni dereva wa foklifti. Alilijua hilo wakati ule ule, na alilijua vizuri zaidi kila siku iliyofuata. Lakini mzee alikuwa amekishika chuma cha kibaraza kwa mikono yote miwili, na Thobias hakuwahi kumwona mtu mzima wa heshima zake akiogopa kiasi kile. Akamhurumia. Na tuseme ukweli wote, palikuwa pia na utamu wa kuulizwa.

"Utashinda, Mwalimu," akasema. "Umepigwa vya kutosha. Sasa ni zamu yako."

Mwalimu akamshika bega. Wakarudi ndani, wakanywa chai.

Tarehe kumi na nne Julai, saa tatu asubuhi, simu ya Thobias ikalia ghalani. Alikuwa Mama Abigael.

"Baba, umemwambia nini mume wangu?"

"Kwani vipi, Mama?"

"Amevaa, amefunga vifungo vyote, amekaa kwenye kochi, anasema haendi. Anasema Nabii amesema atashinda, sasa kisu cha nini? Wametupigia kutoka hospitali mara mbili. Gift analia. Njoo useme naye, wewe anakusikia."

Thobias akaomba ruhusa, akapanda basi. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, na aliyapanga vizuri. Alipofika, saa ya kupasuliwa ilikuwa imeshapita, na Mwalimu alikuwa anakula parachichi kwa kijiko, mtulivu kama yuko likizo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kubadilisha."

"Sikuja kubadilisha. Nilisema utashinda, ndiyo, lakini nilimaanisha utashinda kwa kupasuliwa. Bila kupasuliwa sijasema kitu. Tuombe tarehe nyingine, na hiyo nakuambia kabisa, utatoka mzima."

Mwalimu akaweka kijiko.

"Thobi, mimi nimesahihisha mitihani miaka mingi. Jibu lililofutwa na kuandikwa upya sikulipa alama kamwe. Siku zote jirani ndiye aliyemwonyesha mwanafunzi." Akamtupia jicho mkewe. "Jirani mwenyewe yule pale."

Mama Abigael akaondoka sebuleni. Walimsikia jikoni akifungulia maji, na hapakuwa na kitu cha kuosha.

Tarehe nyingine ikapatikana, mwanzoni mwa Agosti. Wiki tatu zote hizo Thobias hakulala vizuri. Alijaribu kumwendea padre, padre akaja, akazungumza na Mwalimu saa nzima na kutoka akiwa ametulizwa yeye. Alijaribu kumpeleka mwenyekiti, mwenyekiti akamjibu kwamba, kwa heshima zote, kama Nabii amesema, yeye ni nani? Hapo ndipo Thobias alipoona kwamba hakuna njia isipokuwa kuvunja agizo la Winfred. Siku tatu kabla ya tarehe, akaenda.

"Mwalimu, nina jambo, na nimelificha miaka kumi na sita. Mieleka imepangwa. Wanakubaliana kabla. Anayeshinda ameambiwa atashinda, anayeanguka ameambiwa ataanguka. Gift anasema kweli. Mimi si nabii wala nini. Nimetazama kanda nyingi, basi."

Akamweleza yote: ile kanda iliyokwama, kunong'onezana, kanuni zote kumi na mbili moja baada ya nyingine. Alisema mpaka akaishiwa. Alijihisi mwepesi, na kwa dakika moja nzima aliamini kwamba jambo limekwisha.

Mwalimu alikuwa amesikiliza kwa makini, kidole shavuni.

"Kwa hiyo wale wanapanga kwa siri," akasema.

"Kwa siri kabisa."

"Wewe huwajui, hawakujui, hawajakuambia. Na miaka mitatu umejua walichopanga, chote."

"Kwa kanuni, Mwalimu."

"Mimi nimekusikia kanuni zote. Nimezielewa. Agosti iliyopita nilipata mawili." Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mwalimu aliyefurahishwa na mwanafunzi mnyenyekevu. "Aliyepanga kule juu naye hakuniambia mimi. Labda kuna wanaosikia."

Thobias akatazama zulia. Alikuwa amekwisha toa kila alichokuwa nacho, na kila alichotoa kilipokelewa na kuwekwa upande wa pili wa mizani. Tarehe ya pili ikapita Mwalimu akiwa amekaa kwenye kochi lile lile.

Ikabaki Jumapili ya tamasha. Wazo lilimjia ghalani, akiwa anashusha kreti za maua kutoka Nairobi, na lilikuwa rahisi hata akashangaa. Kama unabii ndio uliomfunga Mwalimu, basi unabii ufe. Auue hadharani, mbele ya jumuiya nzima, kwa karatasi yake mwenyewe.

Mapambano yalikuwa manane, kila moja mtu na mtu. Thobias akayapima yote kwa uaminifu, akajua nani atashinda kila moja, halafu akaandika mwenzake. Katapila, mkongwe sasa, aliyekuwa amepigwa wiki sita na kuvunjiwa kiti mgongoni, ambaye hata mtoto angejua atashinda, akaandika kwamba atashindwa. Kifaru, aliyekuwa anakwenda kucheza filamu na kila mtu anajua, akaandika kwamba atashinda. Akatumbukiza karatasi kwenye sufuria mkono ukiwa imara. Mwalimu naye akatumbukiza ya kwake. Alikuwa amepungua, shati lilikuwa limefungwa mpaka juu, lakini shingo ilikuwa inacheza ndani ya kola.

Tamasha likaenda sawasawa na kanuni. Thobias hakuwahi kuombea kanuni zake kwa bidii kama siku ile. Katapila aliposhinda, akafumba macho kumshukuru Mungu. Kifaru alipoanguka, akakaribia kulia kwa furaha, na watu wakadhani ana machungu.

Sufuria ikafunuliwa. Kwa desturi, Nabii ndiye aliyesoma. Akasoma za wengine, watatu, wanne, watano. Akafungua ya Mwalimu: kapata manne. Chini ya pambano la nane palikuwa na mstari wa tisa, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: *9. Sebastian na ugonjwa — Sebastian.* Mstari huo hakuusoma. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni, kisha akafungua ya kwake.

"Thobias," akasoma. "Pambano la kwanza, kakosa. La pili, kakosa."

Kufikia la nne watu waliacha kutafuna. Kufikia la sita katibu alisema taratibu, "Hebu nione hiyo karatasi." La nane lilipokosewa, Thobias akasimama katikati yao akiwa amejiaibisha kikamilifu, na moyo wake ulikuwa unaruka.

"Mimi ndiye wa vyombo," akasema.

Alikuwa na sahani arobaini na kitu mbele yake pale Mwalimu alipoingia jikoni, akavuta kiti kidogo, akaketi kwa taabu.

"Yote manane," Mwalimu alisema.

"Yote, Mwalimu. Umejionea. Sijui lolote."

"Mtoto asiyejua kitu, umpe maswali manane ya ndiyo au hapana, abahatishe. Atapata manne. Akiwa na mkosi atapata mawili. Kukosa yote manane kwa bahati tu, nafasi ni moja kati ya mia mbili hamsini na sita. Nimepiga hesabu hapo sebuleni." Alikuwa anahema kidogo kati ya maneno. "Anayekosa yote manane ni yule anayeyajua yote manane. Miaka mitatu nilikuwa na shaka kidogo na wewe. Leo imekwisha."

Sahani ikamponyoka Thobias, ikazama kwenye povu. Hakuitafuta. Aliegemea sinki na kulia waziwazi, mbele ya mzee.

"Niseme nini basi uende? Nifundishe mwenyewe. Nitasema."

Sebuleni walikuwa wameanza kuzungumza tena, kwa sauti za chini.

"Hakuna, Thobi. Siku ile kibarazani nilijua kwamba la kwangu hulijui. Nilikutazama usoni ukisema. Lakini mimi naogopa kile chumba, baba. Naogopa kuliko huu ugonjwa. Nilizunguka kwa watu wote nitafute mmoja wa kuniambia nisiende, wote wakaniambia nenda. Wewe ukaniambia nitashinda. Nikakamata hapo hapo." Akainuka kwa kushika meza. "Usinipokonye."

Akarudi kwa wageni wake. Thobias akamaliza vyombo, maana ndiyo kazi iliyobaki aliyoweza kuifanya.

Septemba Mwalimu aliacha kuja misani. Oktoba maumivu yakamshinda, akabebwa, na mwenyewe safari hii alikuwa anawaomba wampasue. Madaktari wakatazama picha mpya, wakasema ugonjwa umeshafika kwenye ini, na kisu hakina kazi tena. Thobias alikwenda kila alipotoka zamu. Alikaa kando ya kitanda akiwa na sare yake ya ghalani, akamsomea matokeo ya mieleka ya kila wiki, naye Mwalimu akawa anatabiri yanayofuata na kukosea nusu. Lile neno la kibarazani hawakulitaja tena. Alifariki katikati ya Novemba, asubuhi, Gift akiwa amemshika mkono na kumwita baba kwa Kiswahili.

Matanga yakawekwa pale pale ghorofa ya nane, siku tatu. Na pale matangani ndipo Thobias alipopata adhabu asiyoitarajia. Watu walimjia mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili. Nabii, ulijua, wakamwambia. Ndiyo maana Agosti uliharibu yote manane, hukutaka kuona mbele tena. Mwenyekiti akamwomba wazungumze kando kidogo baadaye, ana ombi la mtoto wake la makaratasi ya ukaazi na angependa kujua mwelekeo. Thobias akafungua mdomo amwambie ukweli. Akaona uso wa mwenyekiti, uliokwisha kujiandaa kumwona mnyenyekevu. Akafunga mdomo, akaenda jikoni.

Vyombo vilikuwa vimejaa mpaka sakafuni. Akakunja mikono ya shati na kuanza. Wasichana wawili wa jumuiya walikuja kumpokea, akawakatalia. Wakamwita Mama Abigael.

Mama Abigael akaja, kanga nyeusi kichwani, macho yamevimba. Alisimama mlangoni akimtazama.

"Baba, acha hivyo. Wasichana wapo. Wewe ni wa kukaa na wanaume."

"Mama," Thobias alisema bila kugeuka, "aliyekosea ndiye anayeosha."

Wale wasichana wakatazamana. Thobias alitegemea Mama amwambie kama wengine walivyomwambia, kwamba hakukosea, kwamba alijua. Karatasi yenye mstari wa tisa ilikuwa mfukoni mwake, imelainika kwa kushikwashikwa, na alikuwa hajaamua kama ampe au afe nayo.

Mama Abigael akavuka jikoni, akainama penye jiko, akainua ile sufuria kubwa, ile ya karatasi, iliyopikiwa matoke ya msiba yakaungua chini. Akaiweka kwenye sinki mbele yake.

"Osha," akasema.

Akawatoa wasichana nje, akafunga mlango.